Laki sita za shemeji na matuta ya uani

Shikamoo Bibi Shamba,

Naishi Chamazi, Dar es Salaam. Tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji watatu. Mume wangu ni fundi rangi; siku akipata kazi tunashukuru, siku akikosa tunaangaliana. Mimi nauza chapati na maandazi asubuhi. Tuna watoto wanne, jumla tuko sita.

Kilichonifanya nikuandikie ni daftari. Tangu Desemba naandika kila ninachonunua cha kula. Siku ya kawaida iko hivi: sembe kilo moja na nusu 2,700, mboga za majani 1,500 (mafungu matatu, maana fungu la mia tano siku hizi ukilipika linaenea kiganjani), nyanya na vitunguu 1,500, dagaa au maharage 2,500, mafuta ya kupima 1,000, mkaa 2,000. Jumla 11,200, na hapo sijagusa chai, sukari wala wali wa Jumapili. Zamani elfu saba ilinitosha na chenji ya barafu za watoto ikabaki.

Kwenye mgao wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilipata 600,000. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko Kongwa, Dodoma, akasikia. Sasa kila siku ananipigia. Anasema tulime ekari 5 za mahindi. Kukodi 50,000 kwa ekari, trekta 50,000 kwa ekari, mbegu 100,000, basi laki sita imeenea. Anasema ekari itatoa gunia 15, jumla 75, tugawane nusu kwa nusu. "Shemeji, utasahau duka la unga." Anataka pesa kabla ya mwisho wa mwezi huu wa pili. Mume wangu anasema nimpe, ni ndugu.

Mimi moyo wangu uko uani. Nimepima kwa futi kamba ya mume wangu, ni mita 8 kwa 5, hakuna anayepatumia. Mwaka jana nilipanda miche 20 ya nyanya. Ikafika kiunoni, ikatoa maua. Siku moja asubuhi mizima, mchana imelala, na bado ya kijani! Siku ya tatu yote imekufa. Jirani akasema nimepigwa jicho. Jirani mwingine akanuna kwa sababu ya bili ya maji, tunachanga. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini: "Mimi nimetoka Kongwa kulikimbia jembe, wewe unaniletea uani?" Mwenye nyumba hajui lolote.

Bibi, nimpe shemeji au nirudi uani? Na hivi kulima kidogo kidogo kunapunguza kweli gharama ya chakula, au ni maneno ya redioni?

Mama wa Wanne, Chamazi

*

Marahaba mwanangu. Daftari lako limenifurahisha. Wengi huniandikia "maisha magumu" wakaishia hapo. Wewe umeniletea hesabu, nami nitakujibu kwa hesabu.

Tuanze na shemeji, maana pesa ikishatumwa hairudi. Kongwa ina msimu mmoja wa mvua. Inaanza Desemba, mwaka mwingine mwishoni mwa Novemba, na Aprili mbingu inafunga. Mahindi hupandwa mvua za kwanza zikidondoka, aliyechelewa sana katikati ya Januari. Sasa trekta linalokodiwa mwisho wa Februari linakwenda kulima nini? Angekutajia alizeti mwezi uliopita, ningemsikiliza. Mahindi ya Machi kule yatafika kifuani, yatatoa mbelewele mvua imekwisha, na wewe utapigiwa simu ya "shemeji, jua limetumaliza". Simwiti mwizi. Huenda ana shamba lake limefikia palizi na mfuko umekauka, akaona haya kuomba mkopo waziwazi. Muulize, mumeo akiwa amekaa hapo: "Shemeji, hizi ni za kulimia au za palizi?" Kama ni za palizi, mkopesheni kidogo mnachoweza kukisamehe.

Na hata angekuja Oktoba, hesabu yake imetoboka. Ekari moja ya mahindi inakula kilo 8 hadi 10 za mbegu. Laki moja kwa ekari tano haikupi mbegu ya dukani, labda ya kuchota kwenye kihenge cha jirani. Palizi sijaiona, na palizi ni mbili. Mbolea sijaiona. Dawa ya viwavijeshi vamizi sijaiona, na wadudu wale tangu walipoingia nchini 2017 hawajaaga. Kuvuna, kupukuchua, magunia, lori, vyote vinasubiri pesa nyingine. Gunia 15 kwa ekari anazipata mtu aliyeweka mbolea kwa wakati na kulala shambani. Mkulima wa kawaida, mwaka wa mvua nzuri, anapata 5, 6, akijitahidi 7. Kulima kwa simu nakujua. Nimewaona walimu na manesi waliolima matikiti kwenye karatasi, ekari moja mamilioni, wakawa wanapokea picha za shamba kila Jumamosi. Siku ya kuvuna hata la kuwapelekea watoto hawakupata.

Sasa uani, na hapa nako watu wanadanganyana. Chakula kikipanda bei utasikia "kila mtu alime", kana kwamba jembe linajua kodi ya nyumba. Ekari ni mita za mraba elfu nne na kidogo. Uani wako ni mita za mraba 40, yaani sehemu moja ya mia ya ekari. Ukiujaza mahindi mpaka kizingitini, ukavuna kama wanavyovuna wenzio, utapata kilo 6. Koboa, saga: sembe ya siku tatu. Miezi minne ya kumwagilia kwa siku tatu za ugali! Unga mwachie Mangi wa dukani, huko hutamshinda.

Ila angalia mstari wa pili wa daftari lako. Mboga za majani, 1,500 kwa siku, ni 45,000 kwa mwezi. Hiyo imezidi nusu ya mnachotumia kwa unga, na mnaitoa mia tano mia tano bila kuisikia. Mstari huo ndio unaolingana na uani wako. Mchicha hauhitaji ekari, unahitaji wiki nne.

Tenga matuta manne, kila moja mita 1 kwa 4, na njia za kupita katikati. Sia la kwanza wiki hii. La pili wiki ijayo, la tatu wiki inayofuata, hivyo hivyo. Wiki ya tano unang'oa la kwanza, unatia mbolea, unalisia tena siku ileile. Kosa ninaloliona kila mtaa ni kusia yote siku moja. Wiki nzima mnakula mchicha mpaka watoto wanaukimbia, halafu wiki tatu uko gengeni na pochi mkononi, unasema kilimo hakilipi. Tuta moja lenye mbolea linatosha kuwapikia sita karibu wiki, ukichanganya na matembele.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Chukua kijiko kimoja cha chai, changanya na vikombe viwili vya mchanga mkavu ndipo unyunyize kwenye mistari, la sivyo itaota imesongamana kama nywele za mtoto mchanga. Funika kwa udongo mwembamba sana. Sisimizi wataibeba usiku, nyunyiza majivu pembezoni mwa tuta. Kuku wa jirani wazungushie chandarua kilichochakaa.

Mchanga wa Chamazi naujua. Unamwaga maji saa kumi na mbili, saa moja yameshazama yote. Bila mbolea ya kuku unapoteza muda wako. Wafugaji wa broila wamejaa huko kwenu, zungumza nao. Lakini usiitie mbichi, itaunguza miche. Ilowanishe, ifunike kwa turubai wiki nne hadi sita mpaka ile harufu ya kukata pua iishe na ukiishika iwe kama udongo. Tuta moja, ndoo mbili. Wiki hii, kwa kuwa yako bado haijaiva, omba au nunua iliyokwisha kuoza.

Maji ndiyo yatakayoamua kama unapata au unapoteza, na hapa jirani yako ana haki ya kununa. Tuta la mita za mraba 4 wakati wa jua linakunywa kama lita 20 kwa siku. Manne ni madumu manne. Ukinunua dumu kwa 200, ni 800 kwa siku. Ukitoa kwenye ile 1,500 unabaki na 700 na kiuno kinachouma. Kwa hiyo mwagilia yale ambayo yameshafanya kazi: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, suuzo la mwisho la nguo. Yenye jiki peleka chooni. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya mgomba, jua lisiulambe. Na masika hayo yanakuja, Machi mpaka Mei mbingu itakumwagilia bure. Inua tu matuta nusu futi ili mchicha usioge matope. Maji ya mtaro usiyaguse hata kama yanapita mlangoni. Mboga za bonde la Msimbazi zimepimwa na watafiti zaidi ya mara moja, wakakuta madini mazito kama risasi.

Usitarajie kuokoa 45,000 yote. Kuna wiki konokono watakula wao kwanza, kuna wiki utakuwa na mgonjwa na matuta yatakauka. Nikiwa mkweli, ukishika mwendo utabakiza 25,000 au 30,000 kwa mwezi. Redioni hawakuambii hivyo, ila hivyo ndivyo ilivyo, na kwa nyumba yenye siku za kuangaliana, najua 30,000 ni nini.

Nyanya zako hazikupigwa jicho. Mmea unaolala mchana ukiwa bado kijani, usiku ukajaribu kuinuka, siku ya tatu ukashindwa, huo ni mnyauko bakteria. Ukiuona tena kwa yeyote, fanya hivi: kata shina karibu na ardhi, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Kaa dakika chache uangalie. Uzi mweupe kama maziwa utaanza kushuka polepole kutoka kwenye kidonda. Nimewaonyesha watu jambo hilo mara nyingi, na kila mara kuna anayeguna "kumbe!" Kidudu hicho kinaishi udongoni miaka na miaka, kinapenda joto na unyevu, yaani kinaipenda Dar es Salaam kuliko sisi. Dawa ya kukitibu haipo. Atakayekuuzia kichupa amekuibia. Pale zilipofia, usirudishe nyanya, nyanya chungu, biringanya, hoho, pilipili wala viazi mviringo, wote hao ukoo mmoja. Mchicha, bamia, kunde na matembele hakivisumbui.

Ukizitamani nyanya sana, zipande kwenye vyombo, kwa udongo uliochukuliwa kwingine. Na vyombo unavyo ndani ya nyumba. Mumeo ni fundi rangi! Ndoo za lita 20 za rangi ya maji, zikisuguliwa vizuri na kutobolewa chini, ni bustani tosha. Zilizobeba rangi ya mafuta au tina ziache, hizo hata ukiosha mwezi mzima hazifai kwa chakula. Vyombo vina faida nyingine kwa mpangaji: mwenye nyumba akibadilika rangi, unahama na bamia zako. Mwenyewe kamwambie kabla hajakuta matuta. Mpapai usipande, mti ukishatoa matunda kwenye kiwanja cha mtu, huwa ni wake.

Mumeo usibishane naye. Aliyelikimbia jembe analijua kuliko wewe, na Kongwa jembe halina masihara. Siku akiwa na nafasi mkumbushe tu kwamba Dar hii hii, miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufiki katikati ya mwezi, wakubwa wa Oysterbay walikuwa na ng'ombe uani na mchicha ulilimwa mpaka kandokando ya barabara. Hakuna aliyewaita washamba, maziwa yao tuliyanunua. Usimwombe ashike jembe. Mwombe ndoo, na siku mboga ya kwanza ikiiva, ile 1,500 tia kwenye kibubu mbele yake, usiseme kitu. Baada ya mwezi mpe yeye akivunje.

Bado laki sita zako. Kwenye matuta, mbegu, mbolea na kopo la kumwagilia, usizidishe 60,000. Zilizobaki zilaze mpaka Juni, na hapo shemeji ndipo anapofaa kuliko kwenye trekta. Kwa daftari lako mnakula kama kilo 550 za sembe kwa mwaka, ambayo ni mahindi gunia saba za kilo 100. Kule Kongwa kuna soko la Kibaigwa, lori zinatoka mikoa mingi kuja kununua. Bei ya mahindi baada ya mavuno na bei ya Januari hazifanani hata kidogo, na ile tofauti huliwa na mwenye ghala. Mwache shemeji akutazamie macho: bei ikishuka, akununulie gunia tatu za kuanzia, mlipe ujira wake kama dalali. Ukiwashika wenzio wanne wa VICOBA mkachanga lori, nauli inakuwa nyepesi.

Yakifika, usiyaamini kwa kuyatazama. Tia konzi mbili za mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, yaanike tena. Hili silichezei. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara, na ilikuwa ndani ya mahindi yaliyoonekana ni chakula. Yakikauka, yafunge kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, mfuko mmoja mmoja, ukiukaza vizuri hewa isiingie. Humo hata dumuzi, yule mdudu wa mahindi ambaye watu wa Tabora walimpachika jina la Scania, anakufa kwa kukosa pumzi. Na ukisaga, jaribu dona. Gunia moja litakupa unga mwingi kuliko sembe, na watoto wakilalamika, kande ipo.

Kuhusu matembele, usinunue vikonyo. Nina hakika yule jirani aliyenunia maji ana matembele upande wake, au anamjua mwenye nayo. Nenda kamwombe vipande kumi vya urefu wa mkono mpaka kiwiko, umweleze kwamba bomba hutaligusa kwa bustani, utatumia maji ya mchele. Zamisha nusu ya kipande udongoni, nusu iache nje. Wiki ya tano utachuma, na kapu la kwanza mpelekee yeye.